Jino la Letay

Mke wangu aliposema jino linamuuma, nilimwonea huruma. Aliposema anakwenda kwa Fisaha, huruma iliniisha pale pale.

"Adigrat nzima hakuna daktari mwingine wa meno?" nikamuuliza.

"Yupo wa serikali, lakini kwenye foleni yake utaota mvi," Letay akajibu, kashika shavu. "Halafu yule anang'oa tu. Fisaha anatibu."

"Anatibu nini?"

"Jino, Teklay! Wewe ulidhani anatibu nini?"

Nilidhani mengi. Huyu Fisaha, kabla hajawa daktari, alituma wazee kwa baba yake Letay kumposa. Baba mtu akawarudisha, eti kijana bado anasoma na haijulikani atamaliza lini. Kiangazi kilichofuata wakaenda wazee wangu. Mimi ni fundi mawe, nilishajijengea nyumba kwa mikono yangu, nikapewa mke. Watu wanasema nilibahatika. Mimi nasema nilipewa kwa sababu mwenzangu alichelewa na vitabu vyake, na hilo limenikaa kooni tangu siku ya harusi. Sasa amerudi mjini na koti jeupe, kafungua kliniki nyuma ya stendi, na mpaka leo hajaoa. Hajaoa anangoja nini?

Mara ya kwanza Letay alikwenda bila kuniaga. Bahati yangu, Fisaha alikuwa amesafiri kwenda Mekelle siku hiyo, Letay akapimwa na msaidizi. Akarudi na habari kwamba jino limeoza mpaka kwenye mzizi, na njia ziko mbili. Ling'olewe, siku moja yameisha. Au lisafishwe mzizi na kuzibwa, ambayo ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na daktari mwenyewe ndiye anayefanya. Afikirie, arudi amwambie amechagua nini.

"Ling'olewe," nikasema.

"Hili?" Akainua mdomo wa juu kwa kidole. Ni la mbele, jirani na chonge. Letay alichanjwa ufizi ukawa mweusi tangu akiwa msichana, kama mama zetu walivyochanjwa, na akicheka meno yanawaka. Nililipenda jino hilo kabla sijajua jina la mwenye jino. "Unataka nicheke na pengo hapa?"

"Usicheke, basi."

Akanikata jicho, akaenda zake jikoni. Lakini ningefanyaje? Kung'oa ni mara moja. Kuziba ni yule bwana amemshika mke wangu kidevu, amemwinamia, taa imewashwa, "panua kidogo dada, vizuri sana," leo, na keshokutwa, na wiki ijayo. Wee! Jiwe likimomonyoka ukutani mimi nalitoa, sikai kulibembeleza.

Kilichonimaliza kabisa ni nywele. Letay alikwenda kusukwa, akarudi na misuko mipya inanukia siagi ya kupaka nywele, utadhani anakwenda harusini.

"Unatibiwa jino au unatibiwa nywele?"

"Nitalazwa kwenye kiti, kichwa mbele ya macho ya watu. Unataka nionekane sina mume wa kunitunza?"

Ana majibu huyu mwanamke! Sikulala. Nilimsikiliza akipumua, nikahesabu kila dosari ya Fisaha niliyoikumbuka, nikakuta ni chache mno.

Kwetu mke na mume wakishindwana, wanaitwa wazee. Wengine huwaita kwa ugomvi wa shamba, mimi niliwaita kwa jino. Jumapili baada ya kanisa wakaja wawili, tunawaita Aboy, yaani baba: Aboy Gidey jirani yetu na Aboy Weldu wa nyumba ya tatu. Letay akawamiminia suwa, pombe yake ya nyumbani ambayo sijamwona wa kuikataa, akakaa pembeni kashika shavu.

"Ng'oa, binti yangu," Aboy Gidey akasema. "Mimi nimeng'oa yote. Tazama." Akapanua kinywa, ufizi mtupu. "Nalala usingizi wa mtoto. Nyama tu ndiyo tumeachana."

"Usimsikilize huyo mla uji," Aboy Weldu akadakia. "Livishe dhahabu." Akavuta mdomo kutuonyesha la kwake.

"Dhahabu gani? Shaba hiyo!"

"Wivu huo, Gidey. Wewe huna hata pa kuivisha."

Wakabishana mpaka mtungi ukaanza kulia mtupu, kila mmoja akipigia debe kinywa chake, na jino la mke wangu wamelisahau. Kisha Aboy Weldu, suwa imeshampanda, akamgeukia Letay akicheka peke yake.

"Lakini Fisaha ni mtu safi, binti yangu. Nakumbuka tulivyokwenda kwa baba yako kwa ajili yake. Ulichungulia mlangoni, ukacheka, ukakimbia kujificha."

Mungu wangu! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Weldu alikuwa mmoja wa wazee wa Fisaha. Nimemwita mwenyewe, nimemkalisha kwenye kiti changu, nimemnywesha, ili aje kuniambia kwamba mke wangu aliifurahia posa ya mwingine.

"Ulicheka?" nikamuuliza Letay.

"Nilikuwa msichana, Teklay. Msichana anaposwa kwa mara ya kwanza, alie?"

"Na wazee wangu walipokuja, ulichungulia?"

Letay akainuka. Akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na suwa ndani.

Aboy Gidey alikikatalia chake. "Teklay," akasema. "Jino ni la nani?"

"La mke wangu."

"Maumivu ya nani?"

"Yake."

"Sasa wewe kinachokuuma ni nini?"

"Roho!" nikapaza sauti. "Roho inaniuma, Aboy. Sitaki yule mtu amguse. Nikifumba macho naona vidole vyake kinywani mwa mke wangu!"

Hakuna aliyecheka, hata Weldu. Letay alijifunika uso kwa netela, shali yake nyeupe, sikujua kama ni kwa aibu au kwa hasira. Aboy Gidey akakata shauri, kwamba tutakwenda pamoja, nitakaa humo humo chumbani niangalie kila kidole, na atakayechagua ni mwenye jino.

Asubuhi tukaenda. Letay alitembea mbele, mimi nyuma, na siagi ya nywele zake ikininukia njia nzima. Kumbe Fisaha siku hizi ana upara na kitambi. Ningefurahi, lakini nilimwona Letay alivyojiweka sawa mlangoni, akaiteremsha netela mabegani ili misuko ionekane, akatabasamu kwa upande ule usiooza. Tabasamu hilo mimi sijapewa muda mrefu.

"Karibu, dada," Fisaha akasema, anatazama kadi. "Jina nani?"

"Letay."

"Letay nani?"

"Letay Hadera," akasema, akasubiri.

Fisaha akaandika, akaenda kunawa mikono. Nilidhani anajifanya. Nilikuja nimejiandaa kwa mtu atakayeshtuka, atakayegugumiza, na ngumi yangu ilikuwa tayari.

"Daktari, humjui huyu?"

"Teklay, acha," Letay akanong'ona.

"Binti wa Hadera, karibu na kanisa la Mikaeli. Si ulituma wazee kumposa?"

Fisaha akasimama na glavu moja imevaliwa nusu. Alimtazama mke wangu vizuri, kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu unayejaribu kumkumbuka na humpati.

"Samahani sana, dada," akasema. "Mama yangu mwaka ule alituma wazee kila mahali, aliogopa nitaoa mbali. Nyumba nyingine hata mimi nilikuja kuambiwa wameshakataa." Akacheka, bila ubaya wowote. "Haya, tulione hilo jino."

Miaka yote hiyo nimelala na mtu huyu katikati ya kitanda changu, kumbe yeye hana habari! Nilitakiwa nimshukuru Mungu, nitoke nje nirukeruke. Lakini nilimtazama Letay. Uso ulikuwa umemshuka. Taratibu aliipandisha netela ikafunika misuko yote. Fisaha angemkumbuka, ningempiga. Hakumkumbuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba mke wangu alikuwa anakumbuka. Sijawahi kuumia namna ile, na nimeshaangukiwa na mawe.

Fisaha alimaliza kuangalia. "Jino lina nguvu bado," akasema. "Nikisafisha mzizi na kuliziba, utakaa nalo. Itabidi uje mara kadhaa. Ukitaka ling'oke, nang'oa sasa hivi. Mgonjwa ndiye anayechagua."

"Ng'oa," Letay akasema.

Ndilo neno nililoligombania nyumba nzima. Niliwaitia wazee neno hilo.

"Usimguse!" nikapiga kelele.

Fisaha akarudi nyuma. Letay akainuka kwenye kiti, akanigeukia. "Si wewe uliyetaka ling'olewe?"

"Nilitaka uling'oe kwa ajili yangu," nikasema. "Siyo kwa ajili yake."

Fisaha alitazama koleo lake, akatazama mlango. Maskini, hakuelewa hata kidogo, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Letay alinitazama mpaka macho yakamjaa maji. Hakusema si kweli. Nilisubiri aseme si kweli, hakusema.

"Ziba," akamwambia daktari, bila kumtazama.

Akalala, akapanua mdomo, akafumba macho. Fisaha akavuta taa, akamshika kidevu. Mkono wa Letay ukatoka chini ya netela ukaanza kunitafuta. Niliuona. Niliuacha utafute kidogo, kisha nikaushika.