Vitufe vya Yaneth

Mara ya kwanza Yaneth Cutipa alifeli Haidroliki, somo la hesabu za maji, kwa uvivu. Mara ya pili alifeli kwa jeuri. Sasa ilikuwa ya tatu, na katika chuo kile cha mji wa Juliaca hakuna ya nne: ukianguka mara tatu somo moja, unafungasha virago na uinjinia unausikia kwa wenzako. Mama yake, anayeuza jibini sokoni, alikuwa keshawatangazia wateja kwamba bintiye atajenga madaraja. Hebu fikiria.

Uvivu na jeuri alikuwa navyo, ila si ujinga. Kikokotoo chake alikigeuza kikawa chake kwelikweli. Kila kitufe alikipa kazi nyingine. Ukibonyeza cha saini, ile ya hesabu za pembe, hupati saini. Inafunguka programu ya kutafuta kina cha maji mferejini, hesabu ambayo kwa mkono unabahatisha, unakosa, unabahatisha tena mpaka jasho likutoke. Programu zote aliandika mwenyewe, usiku na mchana, badala ya kusoma kama watu.

Tatizo lilikuwa Injinia Belizario. Kabla ya mtihani alitaka kila mtu afute kumbukumbu ya mashine mbele yake: vitufe vitatu kwa pamoja, inalia kidogo, inaandika kwamba kila kitu kimefutika. Basi Yaneth akabuni dawa. Akaandika programu ya uongo, akaipachika kwenye kimoja cha vile vitatu. Vidole vinagusa vyote, kinachobonyezwa ni kimoja tu. Mashine inalia, maneno yale yale yanatokea, na ndani hakijafutika hata kimoja.

Angenyamaza nayo, mambo yangekwisha. Lakini rafiki yake Wilber Ticona aliiona. Wilber kwa maneno matamu hajambo.

"Yaneth, mama yangu mdogo, nirushie na mimi."

"Mama yako mdogo yuko kwenu. Usimpe mtu, umesikia?"

"Mimi? Mimi kaburi!"

Kaburi gani hilo! Kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa nayo.

Asubuhi ya mtihani baridi ilikuwa ya kukata masikio. Injinia Belizario akaingia na skafu yake, akasema futeni, na mashine thelathini na nane zikalia kwa adabu. Akapita mstari kwa mstari akichungulia vioo vya mashine. Akaridhika, au ndivyo ilivyoonekana. Halafu akarudi mbele.

"Vizuri sana, vijana. Sasa andikeni mbili, kisha jumlisha, kisha tatu. Kama mtoto wa darasa la kwanza."

Yaneth akasitisha kidole juu ya kitufe. Alisahau. Jamani, alisahau! Kikokotoo kilichofutwa kweli hurudi kama kilivyotoka kiwandani, kinapokea hesabu kama inavyoandikwa daftarini. Lakini wanafunzi wa uinjinia wa kule hawakitumii hivyo hata siku moja. Siku wanayokinunua wanakigeuza: namba zote kwanza, alama mwisho. Ukikipa alama kabla ya namba ya pili, kinagoma na kupiga kelele. Wameizoea hali hiyo mpaka hawakumbuki kwamba kuna nyingine.

Ti! Ti! Ti-ti-ti! Darasa likawa banda la vifaranga. Mashine saba tu ndizo zilizonyamaza, za wale waoga waliofuta kweli.

Injinia hakucheka. Akaenda moja kwa moja kwa Wilber, ambaye kila mtu alijua ndiye msambazaji wa programu chuoni.

"Ticona. Kazi yako hii."

Wilber hakumtazama Yaneth hata kwa jicho la pembeni.

"Toka nje. Una sifuri. Wengine futeni kweli, tunaanza."

Wilber akaanza kukusanya kalamu zake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya somo hilo, angeweza kurudia. Yaneth asingeweza. Akajiambia hivyo mara mbili: nyamaza, wewe, anarudia mwakani, nyamaza. Wilber akafika mlangoni. Yaneth akajikuta amesimama.

"Ni mimi, Injinia. Yeye aliisambaza tu. Nimeiandika mimi."

"Unajua uko mara ya ngapi, Cutipa?"

"Najua."

Injinia akampungia Wilber arudi akae. Akachukua kikokotoo cha Yaneth, akabonyeza hiki, akabonyeza kile.

"Hii ya kina cha maji, uliinakili wapi?"

"Sikunakili popote."

"Tutaona." Akabonyeza vile vitatu, safari hii kweli. Kazi ya miaka miwili ikaenda. "Kaa hapa mbele yangu. Iandike upya. Ikitoa jibu sahihi, utafanya mtihani kwa muda utakaobaki. Isipotoa, unaujua mlango."

Nusu saa ya kwanza ilikuwa balaa. Vidole vilikwenda kwenye vitufe vyake vya zamani na kukuta wenyeji wengine. Alibonyeza mfereji akapata saini. Akatukana kimoyomoyo, akajifunga kibwebwe, akaanza kutoka chini: eneo, mzingo, mteremko. Alipoimaliza alishangaa. Ile ya zamani ilikuwa na mistari arobaini na mmoja. Hii iliishia kumi na miwili, na safari hii alielewa kila mstari ulikuwa pale kwa nini. Injinia akampa vipimo vya mfereji aijaribu. Sentimita themanini na nne, mashine ikasema. Injinia akatazama karatasi yake ya majibu, akamsukumia mtihani mezani.

Matokeo yalibandikwa Jumatano. Cutipa, kumi na moja kati ya ishirini, alama ya kufaulu, si punje zaidi. Yaneth akaegemea ukuta akalia waziwazi mbele za watu, wala hakujali. Kisha akatafuta jina la Ticona. Saba.

"Kwa hiyo uliniokoa ili nikafeli kwa nafasi," alisema Wilber nyuma yake.

"Ulifanya nini saa mbili zote?"

"Nilikitazama kikokotoo. Kilikuwa kitupu, Yaneth. Na mimi pia."

Yaneth akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Njoo kwetu Jumamosi. Lete daftari."

"Utanirushia ile mpya?"

"Thubutu! Utaiandika wewe, mstari mmoja mmoja, na mimi nimekaa hapo pembeni nakutazama."