Waliniomba Nilalamike

Kijiji kizima kinanijua kwa mdomo. Padre akirefusha mahubiri nasema, mwenye duka akipunja kipimo cha chumvi nasema, watoto wakikanyaga matuta yangu nawasema wao pamoja na mama zao. Kwa hiyo siku mwenyekiti wetu wa kijiji, Ignasi, aliponijia nyumbani na kilo ya sukari mkononi akaniomba nilalamike, nilidhani amekunywa.

"Nilalamike nini?" nikamwuliza.

"Chochote, Mama Avelina. Ila kiwe kidogo."

Nyuma yake alisimama Flavian, mtoto wa marehemu kaka yangu. Huyu nimemlea mimi tangu hajajua kuvaa suruali. Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Chanji, mjini Sumbawanga, na kitambi kimeanza kuchomoza. Serikali ilipowaruhusu watu binafsi kuzalisha umeme na kuuza, yeye akasema haiwezekani mto wetu uendelee kuporomoka bure kuelekea bondeni, upande wa Kaoze. Akajenga kizuizi kidogo cha mawe kule juu, ambako maji yangeingizwa kwenye bomba mpaka kwenye mashine chini ya mteremko. Kisha akaenda Dar es Salaam kuomba mkopo kwenye benki moja ya maendeleo.

Benki ikamsikiliza, lakini ikataka kwanza tuwekewe sanduku la malalamiko. Likapigiliwa kwenye ukuta wa ghala la ushirika, na kufuli lake. Likakaa pale masika yote. Lilipofunguliwa, mlikuwa na mende wawili na karatasi moja imeandikwa "Hongereni kwa kazi." Ignasi akafurahi, akidhani kijiji kimefaulu mtihani. Loh! Benki wakakataa. Walisema mradi unaochukua mto hauwezi kukosa hata mtu mmoja wa kunung'unika. Maana yake watu wametishwa, au hawajui kinachokuja. Faili likawekwa pembeni mpaka afisa wao aje kutusikiliza kwa masikio yake.

Sasa kwetu nani aseme? Sisi mgeni akija tunamsafishia ua na tunamwambia hatujambo, hata kama ndani kuna mgonjwa. Na nani anataka kuitwa yule aliyefukuza umeme?

"Sema vumbi," Ignasi akanielekeza. "Malori ya mawe yanatimua vumbi. Ataandika, ataridhika, ataondoka."

Flavian hakucheka. "Shangazi, nyumba yangu ya Chanji nimeiweka rehani ili kujenga kile kizuizi. Mkopo huu usipotoka, wanangu sijui nitawalaza wapi."

Sukari niliipokea. Lakini sikutulia, kwa sababu lalamiko nilikuwa nalo, tena la kweli, na Flavian alikuwa analijua.

Hapa kwetu wanawake tunaishi kwa pombe ya ulezi. Ili upate kimea lazima uloweke ulezi, na hauloweki kwenye ndoo. Unaufunga kwenye gunia, unalizamisha mtoni penye maji yanayotembea, unalifunga kwenye mzizi lisichukuliwe. Maji yakisimama ulezi unachacha, hata nguruwe hawautaki. Na kazi hiyo ni ya kiangazi, baada ya mavuno, wakati wa harusi na vipaimara. Wakati huohuo mto ni mwembamba, na Flavian alipanga kuuingiza wote kwenye bomba. Sehemu ya katikati, kuanzia kwenye kizuizi hadi kwenye mashine, ndiyo tunayolowekea, na ingebaki mawe matupu.

Nilishamwambia jambo hilo. Akanijibu, "Shangazi, mvua zikinyesha maji yatakuwepo." Ebo! Nani analoweka ulezi kwenye mvua? Ataukaushia wapi? Nilimfokea siku ile mpaka akacheka akaondoka. Ila kutumbukiza karatasi sandukuni dhidi ya mtoto niliyemlea, hapana, sikuweza.

Afisa wa benki alikuja siku ya upepo. Anaitwa Rhoda, binti wa mjini, mwembamba, amejifunika koti na kitenge juu yake kwa baridi yetu. Tulikaa uwanjani mbele ya ghala. Alinishika mkono, akaniambia, "Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe una la kusema."

"Marahaba, mwanangu. Vumbi," nikasema. "Malori yanatutimulia vumbi. Nguo ukizianika zinarudi chafu kuliko zilivyokuwa."

Watu wakaitikia kwa vichwa kama wako kanisani. Ignasi akatabasamu. Rhoda akaandika, lakini hakufunga daftari.

"Pole sana. Na vumbi likiondoka, mama, kuna lingine?"

Swali hilo hawakunifundisha. Nilimtazama Flavian. Macho yake yalikuwa yananiomba waziwazi, vilevile alivyokuwa akinitazama utotoni akitaka nisimwambie babu yake kwamba amevunja kibuyu. Nikageukia upande mwingine, nikamwona Mboje, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, amechuchumaa pembeni na fimbo. Ng'ombe wake wanakunywa pale pale tunapoloweka. Lakini Mboje akifungua mdomo ataambiwa arudi alikotoka, kwa hiyo alikuwa anatazama ardhi. Wanawake wenzangu nao walikuwa wanavuta vitenge, hakuna aliyeinua uso.

Nikajisemea, Avelina, maisha yako yote umesema mambo ya chumvi na mahubiri. Leo ukinyamaza, mdomo huo ni wa kazi gani?

"Lipo," nikasema. "Mto utakauka kiangazi. Tutaloweka wapi ulezi wetu? Na ng'ombe wa Mboje wanywe umeme?"

Mboje akasimama. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba ni kweli. Akafuata mama mmoja, akafuata mwingine, na mara watu ambao sikuwahi kuwasikia hata wakikohoa wakaanza kupokezana. Rhoda aliandika mpaka mkono ukamchoka. Flavian alikusanya ramani zake bila kuzikunja vizuri, akapita karibu yangu.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "umenimaliza."

Krismasi hakuja. Tangu aoe hajawahi kukosa, huwa anakuja na mkewe na watoto na mkate wa dukani. Mwaka ule niliandaa kuku, nikakaa mlangoni mpaka jioni, kuku nikampa jirani. Niliumia. Watu wanadhani mwenye maneno makali haumii, lakini nililia usiku ule na kesho yake, na hakuna aliyenikuta nikilia maana nilijifungia. Niliwaza pia habari ya nyumba ya Chanji. Nikisikia gari barabarani natoka mlangoni, nadhani wamekuja kunieleza kwamba wamemtoa.

Mvua zikaja zikaisha. Tumeshavuna ulezi, nikamwona Flavian anaingia uani. Amekonda, kitambi chote kimekwisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akabaki amesimama. "Benki wamekubali. Ila wanataka maji fulani yaachwe mtoni mwaka mzima, na kiasi chake nikubaliane na wanaoutumia mto. Njoo na gunia lako."

Hakuniambia kama amenisamehe, na mimi sikuuliza. Nilichukua gunia la ulezi, nikalibeba kichwani, tukapandisha. Mboje alikuwa ameshafika na ng'ombe wake. Flavian akapanda kwenye kizuizi, ambako aliacha uwazi wa kupachika mbao, moja juu ya nyingine. Kila ubao ukiingia, maji ya bombani yanaongezeka na ya kwetu yanapungua. Mimi nikaingia mtoni chini yake, nikalizamisha gunia penye mzizi wangu wa siku zote.

Akapachika ubao wa kwanza. "Vipi?" akauliza.

"Funga tena."

Akapachika mwingine. Maji yakashuka kutoka magotini. Mboje akanionyesha kwa fimbo kwamba ng'ombe bado wanakunywa.

"Funga tena," nikasema.

Nilikuwa namtazama mikono. Imejaa malengelenge, kumbe mbao zile alikuwa amezikata mwenyewe kwa kuogopa gharama ya fundi. Nilijua kila ubao ni unga wa watoto wake, ni nyumba yake, ni usiku mmoja wa kulala bila kukodolea dari macho. Mgongo wa gunia ukaanza kutoka nje ya maji. Nikajiambia, nitaligeuza kila asubuhi na kila jioni, nitalimwagia kwa kata, nitaweza tu.

"Tena," nikasema.

Akapachika. Nusu ya gunia ikabaki juani. Mboje akakohoa, akanitazama kwa mshangao. Mimi nikageuza uso kana kwamba natazama mlima.

"Shangazi," Flavian akaita. "Gunia liko nje."

"Naliona. Mimi si kipofu."

"Sasa mbona husemi?"

Nikafungua mdomo. Yalitoka machozi, na baridi ya maji yale ilikuwa imenifikia kwenye mifupa. Flavian aliinama kutoka kule juu. Kisha akaushika ubao aliokuwa amemaliza kuupachika, akauchomoa, akautupa majanini. Akachomoa na uliofuata. Maji yakapanda taratibu mpaka gunia likafunikwa.

"Basi mwisho ni hapa," akasema, akatoa nyundo mfukoni na kuanza kupigilia misumari juu ya mbao zilizobaki, nyingine zisiweze kuongezwa.