Neno la Kufungua Milango

Kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha maktaba, watu watatu walikaa mezani wakageuka watu wengine. Muuguzi alikuwa mchawi. Shemeji yake, fundi kufuli, alikuwa mwizi hodari wa kutegua vitasa. Wa tatu ni mkutubi, dada wa muuguzi na mke wa fundi, na mchezo ulikuwa wake: alisimulia mapango na majoka, wenzake wakasema wanafanya nini, kete zikaamua. Kanuni zote alizitunga mwenyewe kwenye daftari. Walimwita Mizani, maana hakuvumilia mchezaji mmoja kuwazidi wenzake.

Na bado ndiye aliyekosea. Alipoandika Funguka, neno la uchawi la mchawi wao, alisema hufungua mlango wowote, akasahau kuweka umbali. Kosa la mwanagenzi hilo! Mchawi alisimama mbele ya lango la joka, akalitamka, kete ikaangukia sita, na milango yote ya mtaa, ile ya kweli nje ya maktaba, ikafunguka. Ya maduka, ya makabati, ya magari, ya vyoo. Waliokuwa vyooni walinyoosha mkono wakairudisha, wakaendelea na shughuli zao.

"Sasa mwizi wangu ana kazi gani?" fundi alifoka. "Awashikie makoti?"

"Shemeji, roho mbaya haijengi," muuguzi alimcheka.

Simu yake ikalia. Ni mwenzake wa zamu, kutoka wodi ya watoto ng'ambo ya barabara. Mlango wa stoo nao umefunguka, na ndani katoni za dawa ya homa zimepangwa hadi darini, dawa ileile ambayo msimamizi wa stoo aliapa kwamba imekwisha tangu mwezi wa pili.

"Chukueni!" muuguzi alipiga kelele.

Walichukua hadi mchezo ulipokwisha, saa kumi na moja, milango yote ikajifunga. Msimamizi alikuwamo humo akinywa chai. Aliinua miguu wapite, akawaambia stoo haina dawa. Watoto tisa walipata dozi zao, na Jumapili asubuhi wawili walikuwa wakigombania mto kitandani. Muuguzi aliwatazama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini fundi alinuna. Neno likibaki hivyo, alisema, yeye haketi tena mezani. Asipoketi, hakuna mchezo, na nje ya mchezo neno halifungui hata kopo.

"Basi lifute tu, mke wangu."

"Ukilifuta, dada," alisema muuguzi, "wale watoto nitawaambia nini?"

Mizani alishinda wiki nzima na penseli na kifutio. Aliweka umbali wa hatua kumi, akakumbuka stoo ya hospitali iko hatua mia mbili, akafuta. Alijaribu kumchosha mchawi siku tatu kwa kila neno, akamwonea huruma mdogo wake, akafuta tena. Ijumaa alikuwa ameshatoboa karatasi. Jumamosi aliwasomea kanuni mpya: neno hufungua mlango mmoja tu, ule mchawi atakaoutaja, mara moja kwa kila mchezo, na halifanyi kazi mpaka mwizi awe ameilegeza kufuli kwanza.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, akafunga daftari.

Fundi alifikiri kidogo, kisha uso ukamchanua. "Kwa hiyo bila mimi hamwendi popote!"

"Hata sebuleni, shemeji."

Alirusha kete, akalegeza. Muuguzi akautaja mlango wa stoo. Ng'ambo ya barabara wodi nzima ilishangilia, na akina mama waliosimama foleni na watoto wao wakaingia. Lango la joka lilibaki limefungwa, maana neno la siku lilikuwa limekwisha. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata. Watatu hao hawakuwahi kuiona hazina ya lile pango, na hakuna meza ya mchezo iliyokuwa na vicheko kama yao. Joka, kwa mujibu wa Mizani, lilinenepa likaanza kukoroma.

Msimamizi naye alizoea. Siku za Jumamosi alileta chai ya kutosha wauguzi wote. Jumatatu moja alibandika tangazo mlangoni, kwa mwandiko wake mzuri: DAWA HAKUNA MPAKA JUMAMOSI. Akina mama walilisoma, wakawafunika watoto wao vizuri, wakakaa kusubiri.