Tundu la Redio kwenye Gari la Mama Nyangi

Fundi Kassian aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu bati likishakatwa halirudi.

“Kata,” nikamwambia.

“Wengine wanasema kata, nikimaliza wanalia.”

“Mimi nimeshalia. Kata.”

Akacheka. Kassian kwao ni Songea, ana kibanda hapa Nyamisangura cha kufunga redio kwenye magari. Gari langu ni Landrova ya zamani, dashibodi yake bati tupu. Aliyeitengeneza hakuwaza kama mtu atataka kusikia kitu humo ndani zaidi ya injini.

Nimesema gari langu. Nyumbani si wote wanaosema hivyo.

Mimi niliolewa na Mama Nyangi kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke. Yeye hakujaliwa mtoto wa kiume, mumewe akafariki, akatoa ng'ombe kwetu nikaja kama mkamwana wake, nizae kwa jina la mumewe. Nilimzaa Steven. Halafu Mama akanunua hii Landrova, akanipeleka kujifunza udereva, watu wakacheka mpaka wakachoka. Tukaanza kukusanya maziwa Nyanungu na kuyaleta mjini, mimi kwenye usukani, yeye pembeni yangu akiongea njia nzima. “Umeona ukuta wa yule? Umepinda kama mwenyewe.” Au, “Punguza mwendo wewe, unataka kunizika kabla sijafa?”

Mwezi wa nne akafa kweli.

Tangu hapo kiti cha pembeni hakina mtu. Wanaume wa boma wote ni baba wakwe zangu, na baba mkwe hakai kiti kimoja na mkamwana. Wanawake wanasema ni kiti cha marehemu, wanapanda nyuma na madumu yao. Steven yuko kwa mama yangu Sirari, anasoma. Kuna siku nilitoka Nyanungu mpaka mjini nikagundua sijafungua mdomo tangu asubuhi. Siku hiyo ndipo nilipoanza kutafuta redio.

Kassian alichomoa waya za betri kwanza. Hakutumia grainda, akasema nyuma ya bati kuna nyaya, cheche moja tu na gari linaungua. Akachukua fremu ya chuma inayoshika redio, akaiweka upande wa kulia wa dashibodi, akachora pembeni yake kwa msumari.

“Usichore uso wa redio,” akanifundisha, maana alikuwa ameona namna ninavyoangalia. “Uso ni mpana. Ukikata ukubwa wa uso, redio inadumbukia ndani kama jiwe kisimani.”

Akatoboa kona nne. Kisha akachukua msumeno wa chuma usio na mpini, ameufunga kitambaa upande mmoja, akaanza. Sauti yake ilikuwa mbaya. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Alipopumzika ndipo Baba Mseti akatokea. Huyu ni mdogo wa mume wa Mama Nyangi, alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akasimama mbali kidogo na mlango wa gari, kama inavyompasa kwangu, kwa hiyo ilibidi aongee kwa sauti, na wanywa chai wa jirani wote wakasikia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nani ametoa gari likatwe?”

“Mimi, baba.”

“Ng'ombe wa boma anakatwa sikio, mimi nasikia kwa watu wa njiani!”

Kwetu sikio la ng'ombe linakatwa alama ya mwenye zizi. Ukikata sikio la ng'ombe asiye wako, hata kama hukumtoa kwenye zizi, umeshaiba. Nilikuwa najua. Usiku mzima nilikuwa nimejiambia bati si sikio.

“Mzee, ni redio tu,” Kassian akasema.

“Wewe ni mgeni. Kaa na msumeno wako.” Akanigeukia. “Mama Steven, hili gari nalishika mimi mpaka mjukuu wetu akue. Ungekuja kuniuliza, ningekukatalia? Ningekwambia kata. Tena ningekuongezea spika!”

Mmoja kwenye chai akacheka, “Spika mbili, mzee!”

“Najua ungesema kata, baba,” nikasema. “Ndiyo maana sikuuliza. Kuuliza ni kukubali kuwa ni lako.”

Baba Mseti aliangalia chini, akaangalia lile bati lililokuwa linaning'inia kwa upande mmoja. Kassian akaweka msumeno juu ya kiti.

“Mimi mkono wangu hauingii tena hapo. Kwanza niambieni mwenye gari ni nani.”

Nikauchukua ule msumeno, nikaushika kwenye kitambaa. Ukateleza, ukachana rangi. Nikaanza upya, taratibu, kama nilivyomwona fundi. Kona hadi kona ni kama upana wa vidole vitatu, lakini ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeondoka. Kipande kikaanguka sakafuni.

“Basi,” Baba Mseti akasema. “Ni lako.”

Akaenda zake bila kuaga.

Kassian alipiga tupa kingo zisinikate, redio ikaingia sawasawa. Nilivyorudi nyumbani ilishika stesheni ya Kenya. Mtangazaji alikuwa anataniana na mwenzake, wanacheka, inapotea kwenye kilima, inarudi bado wanacheka.

Asubuhi nikazunguka kukusanya maziwa. Madumu yangu yote tisa huwa yananisubiri kwenye uzio wa boma la Baba Mseti, yamefunikwa majani ya mgomba. Hayakuwepo hata moja. Nikasimama kila nyumba ya boma hata hivyo, injini inaunguruma. Kwa Agustina, mke wake, nikapunguza redio nisikie kama kuna mtu anakuja. Chini ya mlango wa jiko niliona miguu yake. Haikwenda mbele wala nyuma.

Nikasubiri mpaka injini ikaanza kupata moto. Halafu nikatia gia. Landrova ikiwa tupu ni nyepesi sana, iliruka kila jiwe mpaka barabara kubwa.