Jino la Mpiga Tarumbeta

"Njoo uone! Njoo uone kazi yako!"

"Kazi yangu? Mimi ndiye niliyekupigisha mswaki?"

"Wewe ndiye uliyeniachisha sigara. Njoo uone, nimesema."

Nikaenda na kisu cha vitunguu mkononi. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya sinki, taulo begani, mswaki mkononi. Povu alilotema lilikuwa limechanganyika na damu, likishuka taratibu kuelekea kwenye tundu.

"Nilipokuwa navuta, uliwahi kuona damu humu?"

"Sikuwahi."

"Mwaka jana nilipoacha, ilitoka au haikutoka?"

"Ilitoka."

"Nikarudia kuvuta. Ikakata au haikukata?"

"Ikakata."

"Basi nani mwenye akili humu ndani?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Nina stashahada ya ugavi, nasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na mfuko wa saruji ulioingia unyevu naujua kwa kuupigapiga tu. Lakini fizi si saruji. Mtu alikuwa na ushahidi wake, anauona kila asubuhi, na mimi nilichokuwa nacho ni maneno ya kwenye pakiti kwamba sigara ni hatari kwa afya yako.

"Labda ni huo mswaki," nikasema. "Umetanuka kama ufagio wa chooni. Unasugua kama una ugomvi nao."

"Napenda mswaki mgumu. Unatoa rangi ya moshi."

"Baba, hivyo si kupiga mswaki," sauti ya kifungua mimba wetu ikatoka mezani, alikokuwa anakunywa chai na kitabu mbele yake. "Hivyo ni kukwangua sufuria."

"Wewe soma!"

"Nasoma. Na majirani nao wanasoma, maana wanasikia kila neno."

Kwa kawaida ningecheka. Siku hiyo sikuweza. Tangu aache sigara, nyumba yetu ilikuwa haikaliki. Alikuwa amegombana na redio, na geti, na mtu wa maji, na mto wa kulalia. Aliamka na hasira akalala nazo. Kazini nasimama kutwa nzima, narudi nyumbani nakuta mtu amenuna kwa sababu kijiko kimewekwa upande wa uma. Ndiyo maana jana yake, nikitoka kazini, nilisimama kwenye kioski nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Sasa nikaenda chumbani, nikafungua mkoba wangu, nikarudi na pakiti nzima ya sigara, aina yake ileile, nikaibwaga mezani karibu na sukari.

"Hiyo hapo. Vuta. Damu ikate, mdomo ufunge, na mimi nipumzike."

Akaiangalia. Akaniangalia. Binti yetu naye akaacha kitabu.

"Umeninunulia wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Nilidhani ataichukua mbio. Hakuichukua. Alisimama pale, tone la povu kwenye kidevu, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango kwa nguvu zote halafu ukafunguliwa kutoka ndani. Nadhani miezi yote ile alikuwa anagombana ili nimzuie. Akafuta kidevu, akapita, akachukua tarumbeta lake juu ya kabati, akaenda chumba cha nyuma kufanya mazoezi.

Mume wangu ni mpiga tarumbeta. Bendi yao hukodishwa kwenye maharusi na mahafali, na yeye hukaa mstari wa mbele kabisa, ndiyo maana wenzake wanamwita Kapteni. Siku hiyo jioni walikuwa na harusi. Hana kazi nyingine, wala hajawahi kuitaka.

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Kupitia ukutani zilianza kusikika sauti za tarumbeta, moja baada ya nyingine, zikipanda. Nimezisikia miaka yote ya ndoa yetu, kwa hiyo najua zinapofika juu zinasikikaje. Siku hiyo hazikufika. Ile ya juu ilikwama, ikapasuka, ikatoka upepo mtupu. Akarudia. Upepo. Kisha kimya.

Alipotoka alikuwa ameshika mdomo. Akakaa mezani, akaweka kidole kwenye jino la mbele la juu, akalisukuma kidogo. Likaenda. Akaondoa kidole, likarudi.

"Limeanza lini?" nikauliza.

"Lilikuwa linatikisika kidogo tu. Nikadhani litajishika."

"Litajishika na nini, gundi?"

Alikuwa anaitazama pakiti. Nikamwona anavyofikiri, kama maandishi kwenye paji la uso: damu ikikata, fizi itakaza, fizi ikikaza, jino litashika. Nikaichukua ile pakiti, nikaitia kwenye mkoba, nikavaa viatu.

"Twende kwa daktari wa meno."

"Leo nina harusi."

"Harusi ni jioni. Na hicho utakachopuliza hapo ni upepo. Twende."

Kliniki iko ghorofani, juu ya duka la nguo. Benchi la mbao, harufu ya mafuta ya karafuu, na ndoo ya takataka yenye mfuniko wa kukanyaga kwa mguu. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho.

"Karibu mzee, kaa hapa."

"Mzee ni baba yangu," mume wangu akasema.

"Basi karibu, mtoto wa mzee. Fungua mdomo."

Nikasimama karibu na mlango. Alianza na ulimi, akaunyanyua, akaangalia chini yake, akapekua ndani ya mashavu kwa kioo kidogo.

"Natafuta vidonda na mabaka meupe," akaniambia bila kugeuka. "Mtu aliyevuta simwachii bila kuangalia humu."

Sikujua kwamba hilo nalo lilikuwepo la kuogopa. Nikashika fremu ya mlango.

"Hakuna," akasema, na mimi nikapumua. Kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma, akawa anakiingiza kati ya fizi na jino, jino moja baada ya jingine. Kwenye mengine kiligota mapema. Kwenye lile la mbele kilizama, kikaendelea kuzama.

"Unapiga mswaki mara ngapi?"

"Asubuhi. Kwa nguvu. Inatosha kutwa."

"Na usiku?"

"Usiku nani ananiona?"

"Bakteria wanakuona. Wewe ukilala, wao wanakula." Akamshikisha kioo. "Tazama hapa, meno yamechimbika karibu na fizi. Hiyo ndiyo nguvu yako. Umesugua kwa ubavu mpaka fizi imekimbia, halafu uchafu wa chini yake hujaugusa. Sasa uchafu huo umegeuka kuwa mawe."

"Sasa daktari, nikuulize," akasema Kapteni, akainuka kwenye kiti. Nikajua anakokwenda. "Nikivuta, damu haitoki. Nikiacha, inatoka. Hilo unalielezaje?"

Nilisogea karibu, maana hilo hata mimi nililitaka.

"Unasema kweli," daktari akasema. "Moshi unabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Ugonjwa upo palepale, unakula mfupa ulioshika jino, ila fizi haina damu ya kukuonyesha. Ukiacha sigara, damu inarudi kwenye fizi. Ndipo unapoanza kuona kile kilichokuwepo siku zote. Fizi haikuanza kuumwa ulipoacha. Ulipoacha ndipo ilipopata nguvu ya kukwambia."

Mimi nikawakumbuka wateja wangu wale wanaokuja kununua rangi ya kupaka juu ya geti lenye kutu. Huwa nawaambia wakwangue kwanza. Hawataki. Rangi inang'aa, wanarudi nyumbani wamefurahi, na baada ya mvua za kwanza geti linabaki mkononi.

"Kwa hiyo mwaka jana," mume wangu akasema polepole, "niliporudia..."

"Ulifunika. Mfupa ukaendelea kuliwa."

"Na jino?"

Daktari akavua glavu. "Mfupa uliobaki ni mdogo, lakini upo. Leo nikuchome ganzi, nisafishe chini ya fizi, nilifunge hili jino na wenzake kwa waya mwembamba. Ukae bila sigara, upige mswaki laini asubuhi na usiku, taratibu. Linaweza kushika. Siahidi. Ila tarumbeta uliweke chini mpaka nitakaposema."

"Leo nina harusi. Nisafishe kesho kutwa."

"Ukipuliza leo na jino limelegea hivi, unaweza ukalipuliza ndani ya tarumbeta. Na likitoka hilo, la pembeni yake linafuata."

Mume wangu akaomba atoke nje kidogo. Nikamfuata. Alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, akitazama ile ndoo.

"Umeibeba?" akauliza.

"Nimeibeba."

Zamani ningesema sina. Ningeificha, ningenusa mashati yake, ningemtuma binti akachungulie nyuma ya bafu. Nimefanya hayo mpaka nikawa kama askari magereza, tena wa zamu mbili. Nikafungua mkoba, nikaitoa pakiti, nikaiweka kwenye benchi kati yetu.

"Sina nguvu ya kukuchunga tena," nikamwambia. "Jino lako, mdomo wako, tarumbeta lako. Ukivuta, sitasema. Ila usiniite tena kwenye sinki."

Chini, dukani, mtu alikuwa anabishania bei ya suruali. Mume wangu akapitisha ulimi kwenye jino, nikaona mdomo wa juu ukiinuka na kushuka.

Kisha akatoa simu.

"Ngoma," akasema. Huyo ni mpiga ngoma wao, na sauti yake huhitaji simu kwa adabu tu. Nilisikia kila kitu.

"Kapteni! Uko wapi? Tunapakia vyombo."

"Pakieni. Leo sipo. Mluzi akae mbele." Mluzi ni yule anayepiga tarumbeta la pili, nyuma yake.

"Mluzi? Mluzi akae mbele ya bibi harusi? Una wazimu?"

"Anajua nyimbo zote."

"Anajua, lakini anapuliza kama anapoza uji! Umekuwaje, umefiwa?"

"Jino."

"Jino?"

"Jino, ndiyo. Cheka umalize."

Akacheka kweli, tena sana, kisha akaacha ghafla. "Unarudi lini?"

Mume wangu akatazama mlango wa daktari. "Sijui," akasema. "Labda nirudi, labda nisirudi. Nikilipuliza leo, ndiyo basi kabisa." Akakata simu kabla mwenzake hajajibu.

Akasimama, akakaza mkanda wa suruali kama anayepanda jukwaani. Akaiokota ile pakiti kwenye benchi. Akakanyaga ndoo, mfuniko ukafunguka, akaitumbukiza juu ya pamba zenye damu za watu wengine.

"Mke wangu," akasema akiwa mlangoni, "ule mswaki wangu, tukifika nyumbani, utupe."

"Nitausugulia masinki."

"Ndiyo kazi yake."

Akaingia. Nikavua viatu, nikaegemeza kichwa ukutani. Nikasikia kiti kikishushwa, na vyuma vikipangwa kwenye sinia.

"Fungua mdomo," daktari akasema. "Zaidi. Zaidi kidogo, mtoto wa mzee."

"Kazi yangu ni kuufunga kwenye tarumbeta," mume wangu akajibu, halafu akanyamaza, kwa sababu sindano ilikuwa imeshaingia.