Mchaichai kwenye Benchi la Mbele

Benchi za kanisa letu zilikuwa zinanuka dagaa. Si kwamba tulikuwa wachafu. Kanisa liko juu kidogo ya mwalo wa Katonga, pale maboti ya dagaa yanapofikia, na nusu ya kina mama wanaosali pale hutoka kwenye chanja za kuanikia dagaa, wakavua aproni, wakanawa mikono, wakaingia ibadani. Mbao zinanyonya. Miaka kumi na mbili tangu zitengenezwe, ungeweza kuingia mle ndani siku ya kazi, peke yako, na ukasikia harufu ya soko zima.

Mwezi wa kumi Mwinjilisti Jeremia alituomba kina mama tufanye jambo, kwa sababu wageni wa mjini walikuwa wakija mara moja na hawarudi. Mimi nikatoa wazo la mchaichai. Jumamosi tulichemsha masufuria mawili tukasugua benchi zote. Wenzangu walipoondoka mimi nilibaki. Nilichuma majani mengine mabichi, nikayaponda kwa jiwe, nikalisugua benchi la mbele upande wa dirishani, mara tatu, mpaka viganja vikawa vya kijani. Pale ndipo anapokaa mdogo wangu Regina. Nilisugua hata kitenge chake cha kanisani, kwa sababu watu walikuwa wanamsogelea kwa mashaka, na sikutaka wapate sababu ya pili ya kumkimbia.

Sababu ya kwanza ilikuwa kifafa. Regina alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na tisa. Aliwahi kuanguka ziwani, maji ya magotini tu, akanywa maji mpaka akaacha kupumua, na Mungu alimleta mvuvi aliyejua la kufanya. Tangu siku ile, miaka sita sasa, nilimkataza asiingie majini. Alikuwa anaanika dagaa kwenye chanja za mchangani na kumeza vidonge vyake vyeupe kila jioni, nami nikimwangalia mpaka ameze.

Jumapili ile, katikati ya maombi, tulisikia mvumo. Wengine walidhani ni boti. Kisha dirisha likaingia giza na nyuki wakajaa ndani, nyuki ambao sijapata kuwaona wengi namna ile, wakazunguka juu yetu mara mbili na kutua kwenye nguzo ya benchi la mbele, kwenye mbao, na kwenye bega la Regina. Watoto walilia. Watu walikimbilia mlangoni. Regina hakutikisika. Alikaa amefumba macho, nyuki wametundikana begani mwake kama mkungu wa ndizi, na hakuna hata mmoja aliyemuuma. Ilikuwa karibu nusu saa. Kisha wakainuka wote kwa pamoja wakatoka walikoingilia.

Mwinjilisti alikuwa amekaa sakafuni. Mimi ndiye niliyesimama. Nilisema kwa sauti kwamba Bwana amemgusa mdogo wangu, na kuanzia siku ya leo Regina ni mzima. Watu wakasema amina. Nilisema kwa moyo wangu wote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye wako waliodhani nilitafuta sifa.

Jioni ile Regina alimwaga vidonge vyake chooni. Nilisimama pembeni yake tukiimba.

Siku zikapita na hakuanguka. Juma la pili akarudi majini pamoja na Dorotea, rafiki yake wa mwaloni, kwa sababu mwanamke anayeyafuata maboti ndani ya maji ndiye anayepata dagaa wazuri kabla hawajafika mchangani. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu usichana. Nami nilimshukuru Mungu kila asubuhi nikiwa nimepiga magoti.

Sasa niseme kuhusu masomo. Nina miaka arobaini na saba na niliishia darasa la saba. Mwaka huu nilijiandikisha masomo ya jioni pale Ujiji, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Biolojia tunafundishwa na Mwalimu Wilfred, kijana kutoka Singida, mpole, anayefuta ubao kwa mkono wa shati lake. Siku moja, saa kumi na moja jioni, alikuwa anafundisha jinsi wadudu wanavyosikia harufu.

Kabla hajaanza, Mwinshehe, fundi pikipiki anayekaa nyuma yangu, akamuuliza nzi wa Katonga wanajuaje kwamba amenunua samaki kabla hata mke wake hajajua. Tulicheka. Mwalimu akasema hilo ndilo somo lenyewe.

Alichora kichwa cha nyuki kikubwa kama boga. Alituambia nyuki hana pua, ana vipapasi, zile pembe mbili nyembamba za kichwani, na vimejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kila kinyweleo kina matundu. Harufu ni chembe ndogo zinazopeperuka hewani. Chembe ikiingia tunduni inaikuta seli ya fahamu inayoitambua, seli inashtuka, na kupeleka umeme mdogo sana mpaka kwenye ubongo. Pale ubongoni kuna vifundo vingi vidogo vidogo, na kila harufu inawasha vifundo vyake.

"Ninyi mnaokaa ziwani mtanielewa," alisema. "Usiku mkitazama taa za wavuvi wa dagaa, kwa jinsi zilivyokaa tu, mnajua ni maboti ya nani. Ubongo wa nyuki unasoma hivyo. Hizi zimewaka, hizi zimezima, basi hili ni ua, hili ni adui, hili ni nyumbani."

Niliandika yote. Nilifurahi, nilimwona Mungu ndani ya kichwa cha nyuki. Kisha akasema nyuki wanaohama, waliotangulia kufika mahali pazuri huinua mikia na kutoa harufu ya kuwaita wenzao. Na baba yake kule Singida, ambaye hajawahi kushika kitabu, akitengeneza mzinga mpya huupaka mchaichai kwa ndani, kwa sababu harufu yake inafanana na ile ya kuitana, na nyuki wanadhani wenzao wameshafika.

Penseli ilinianguka. Niliisikia ikibingirika chini ya madawati na sikuinama.

"Mwalimu," nilisema, "na kama ni benchi?"

"Benchi, mama?"

"Benchi la mbao. Limesuguliwa mchaichai."

Mwinshehe akasema dada Evaline anataka kufuga nyuki sebuleni, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, nadhani aliuona uso wangu. Alisema nyuki hajui benchi wala mzinga, anajua harufu tu. Kundi likiwa linatafuta makao na likapita karibu, linaweza kuja. Nikamuuliza kwa nini wasiume. Akasema kundi lililo safarini limeshiba asali na halina nyumba ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi haliumi mtu.

Sikusikia tena somo. Nilikuwa natazama viganja vyangu. Nilikumbuka jinsi vilivyokuwa vya kijani.

Wenzangu walipotoka nilibaki, nikamweleza mwalimu yote, mpaka choo tulichomwagia vidonge. Alikuwa anapanga chaki kwenye boksi lake. Aliacha.

"Ameacha dawa siku ngapi?"

"Kumi na nane."

"Mama, zile dawa haziachwi ghafla. Seli za fahamu za mdogo wako ni kama hizi nilizochora. Kwa kawaida zinaongea kwa zamu. Kifafa ni pale zinapopiga kelele zote kwa pamoja. Dawa ndiyo iliyokuwa inazituliza."

Nikamuuliza jambo moja zaidi, ambalo miaka yote sikuwahi kulielewa. Regina kabla ya kuanguka husikia harufu ya ugali unaoungua. Kila mara. Anauliza nani anaunguza ugali, na hakuna moto popote, na muda mfupi baadaye yuko chini. Mama yetu alikufa akiamini kuna mtu anamchomea Regina kitu cha kumroga.

Mwalimu alisema yeye si daktari, lakini amesoma kwamba kwa watu wengine kelele ile huanzia sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Hakuna chembe iliyoingia puani. Vifundo vimewaka vyenyewe.

Nilirudi Katonga kwa pikipiki ya Mwinshehe, na kwa mara ya kwanza hakutania. Regina nilimkuta anaosha ndoo zake. Nilimweleza kuhusu vipapasi, mchaichai, na kundi lililoshiba asali. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Dada, nani alisimama kanisani?"

"Mimi."

"Alisema nini?"

Nilichukua ndoo moja nikaanza kuisuuza.

"Umesoma miezi minane," alisema, "umeshampita Mungu?"

Nilimwambia twende zahanati kesho asubuhi. Alisema kesho asubuhi maboti yanarudi na yeye ni mzima, na aliyemwambia hivyo ni mtu anayemwamini kuliko wote duniani. Akaingia ndani akafunga mlango wake taratibu. Nilipiga magoti nikashindwa kuomba. Sikujua niombe nini. Neno nilikuwa nimelitoa kwa jina la Mungu, na sikujua linarudishwaje.

Kulipopambazuka alikuwa ameshaondoka. Nilishuka mwaloni mbiombio. Kina mama walikuwa wameshaingia majini na maboti yalikuwa yanakaribia, na Dorotea aliponiona ninaingia na viatu alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akauliza kwa sauti kama leo nimekuja kubatizwa mara ya pili. Wakacheka, na Regina akacheka nao. Alikuwa mbele yetu, maji kifuani, ndoo kichwani, amenyoosha mkono kushika ukingo wa boti.

Nilikuwa bado hatua nane au tisa nyuma yake. Maji yalikuwa yanavuta nguo zangu. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia.

Aliushusha mkono. Aligeuza uso upande wa pwani, akanusa, kama mtu anayeitwa na sauti ya mbali.

"Nani anaunguza ugali?" alisema.

Nilitazama pwani. Mchanga, chanja tupu, mbwa mmoja. Hakukuwa na moto wala moshi wala jiko. Hewa ilinuka ziwa na samaki wabichi, basi. Nilijua ninachokitazama. Nilikuwa nimechorewa jana yake kwa chaki.

Sijui kuogelea. Nilijirusha mbele. Ndoo ilianguka kwanza, kisha yeye, bila sauti, na maji yakafunga juu yake kana kwamba hakuwahi kuwapo. Nilipapasa chini. Nilishika kitenge, nikavuta, nikapata nywele, nikapata shingo. Mwili ulikuwa unapiga kama samaki mkubwa wavuni, na mimi nilikuwa nauinua uso wake tu, uso tu, nikimeza maji kila alipopiga. Niliita. Kina mama wawili walirudi nyuma, wakiogopa kwamba povu la kinywani mwake linaambukiza. Dorotea hakurudi. Alinifikia, akamshika miguu, tukambeba mpaka mchangani tukamlaza ubavu. Mtu akaleta kijiko cha kumtia mdomoni, nikakikataa. Nilimwekea mkono chini ya shavu, nikasubiri. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na sala nyingine.

Alipofungua macho alitazama nguo zangu zilizoloa, na viatu vyangu, kimoja hakikuwepo.

"Nimeanguka?" aliuliza.

"Umeanguka."

Alilia kidogo tu. Nilimwambia kosa si lake wala la Mungu, ni langu, nilisema kabla sijatumwa. Saa nne tulikuwa zahanati. Mganga alimpa vidonge vilevile vyeupe, na alinigombeza mimi, akanigombeza sana, kama mwanafunzi.

Jumapili nilisimama tena mahali palepale. Nilieleza kuhusu majani niliyoyaponda kwa jiwe. Wako waliokasirika. Mzee mmoja alisema nimeliaibisha kanisa, na mama mmoja akauliza kwa nini nisingenyamaza tu, maana watu walikuwa wamefarijika. Mwinjilisti Jeremia aliinuka. Kisha aliuliza kama kuna mwingine aliyeacha dawa baada ya siku ile ya nyuki. Mikono miwili ilinyanyuka, mmoja ni wa baba mwenye sukari. Nilikaa. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Wote wawili walisindikizwa zahanati kesho yake, na ninawaombea kila siku kwa majina yao.

Bado naamini Mungu anaponya. Naamini alikuwapo majini asubuhi ile, na naamini alikuwapo darasani jioni iliyotangulia, alipomtuma kijana wa Singida achore kichwa cha nyuki. Lakini siku hizi nikiona jambo la kushangaza nakaa chini kwanza.

Regina amerudi kwenye chanja zake, na Dorotea humletea ndoo mbili kutoka botini. Tuna utaratibu wetu. Akisikia harufu ya kuungua anakaa chini palepale alipo na kuniuliza, nami navuta pumzi kabla ya kumjibu. Jumanne iliyopita alikaa ghafla uani, mikono imeshika udongo.

"Dada, unasikia ugali unaungua?"

Nilivuta pumzi, nikavuta tena, mpaka nikawa na hakika.

"Nausikia," nilisema. "Ni wa kwangu."

Hakuna aliyekwenda kuutoa motoni. Tulikaa pale chini tumeshikana mikono, tukiunusa, mpaka moshi ulipoanza kutokea mlangoni.