Kifo Kabla ya Sahihi

Rosaura Villacís alikuwa amekagua hesabu za Don Efrén Zambrano kwa miaka mingi, na kila mwaka kazi ilimalizika kwa swali lile lile. Kiwanda cha mzee huyo kilikuwa Durán, ng'ambo ya mto kutoka Guayaquil, kikigandisha kamba wa baharini wa kuuzwa nje.

"Don Efrén, tangu tufunge hesabu za mwaka hadi leo, limetokea jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

"Heri tupu, mwanangu," mzee akajibu, akimsogezea sahani ya ndizi za kukaanga. "Kula. Kesho utie sahihi, benki wanaisubiri wanipe mkopo."

Rosaura akala kidogo, akaaga. Uani akawakuta wanawake wanaomenya kamba wakipanda lori, wote wamevaa nguo nyeusi.

"Mnakwenda wapi saa za kazi, jamani?"

"Kumzika Olmedo," mmoja akasema. "Olmedo Quimí wa chumba cha baridi. Kakata roho jana."

Jina hilo Rosaura alilijua. Desemba iliyopita bomba la amonia lilipasuka, wanaume wawili, Olmedo akiwa mmoja wao, wakavuta ile hewa ya sumu. Wakili wa kiwanda alisema wameumia kidogo tu. Basi katika hesabu jambo lenyewe likawekwa pamoja na yale ambayo huenda yakadaiwa siku moja, huenda yasidaiwe, wala hakuna senti iliyotengwa.

Rosaura akapanda lori pamoja nao.

Makaburini, Narcisa, mjane wa Olmedo, hakulia. "Mapafu yaliungua siku ileile," alimwambia kila aliyempa mkono. "Tangu hapo alilala ameketi. Akijinyoosha tu, kama anazama."

Rosaura alirudi kiwandani na vumbi la makaburini viatuni. Don Efrén alikuwa bado kitini.

"Ulijua."

"Nilijua. Jeneza nimelilipia mimi." Mzee akafuta miwani. "Lakini sikukudanganya. Olmedo kafa Februari, hesabu ni za mwaka jana. Mambo mawili hayo."

"Kafa mwaka huu, Don Efrén, lakini alianza kufa mwaka jana. Deni la fidia yake lilikuwepo tulipofunga hesabu. Sisi ndio hatukulitazama."

"Ukiliingiza, faida yote imekwenda! Benki watanikimbia. Hawa watu wote utawalisha wewe?"

"Siwezi kuwalisha. Ila sahihi yangu huipati."

"Mtoto huna adabu! Nilikupa kazi ukiwa huna hata meza!"

"Ni kweli, na sijasahau," akasema, akachukua mkoba wake.

Alibaki yule wa pili aliyevuta hewa ile, Jacinto Yagual, naye alikuwa hai. Kesho yake Rosaura na wakili wa kiwanda wakaenda hospitali kumwona, maana fidia yake nayo ilitaka kukadiriwa. Walimkuta na mpira wa hewa puani, akacheka kwa shida.

"Nesi, njoo uone! Wamekuja kunipima bei kama kamba."

Rosaura alifungua daftari lake, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Daktari alisema ataishi, ila kazi ndiyo basi tena.

Don Efrén hakupokea simu mpaka wiki ikaisha. Kisha akaja mwenyewe ofisini, ndevu hazijanyolewa, akakataa kiti.

"Nilikwenda kwa Narcisa. Hakunikaribisha ndani, kaniacha mlangoni na kofia yangu mkononi." Akaiweka kofia hiyo mezani. "Andika. Wote wawili."

Rosaura akaandika, na alasiri hiyo akatia sahihi. Faida ikageuka hasara. Benki ikatoa nusu ya mkopo, chumba cha baridi kikafungwa mabomba yabadilishwe, na waliopunguzwa kazi walimlaani Rosaura kwa jina, hata wale aliopanda nao lori. Mwaka uliofuata Don Efrén akatafuta mkaguzi mwingine.

Narcisa alilipwa bila kukanyaga mahakamani. Jacinto alirudi kwao, lakini hawezi kuvuka barabara kwa mkupuo mmoja. Husimama katikati, akatafuta pumzi, na magari yakamngoja.